Deraya Inayobonyea

Askari wa dada yangu alikufa kwa mara ya tatu Jumamosi moja alasiri. Alikuwa amevaa chuma kuanzia utosini hadi kwenye vidole vya miguu, na aliyemuua alikuwa kibwengo mwenye kisu cha kumenyea viazi.

"Ishirini," alisema Refa, akiitazama dadu iliyotulia katikati ya meza. Hakulisema kwa furaha. "Kisu kimepita kwenye upenyo wa shingo. Pole, dada."

Dada alikunja karatasi ya askari wake mara mbili, akaiweka chini ya kikombe cha chai.

Kwa asiyeujua mchezo wetu, nieleze kidogo. Tuko wanne. Refa ni mwalimu wa hesabu, na ndiye msimulizi: anatuambia tumefika wapi na tumekutana na nani, kisha anawachezea maadui wote. Sisi watatu kila mmoja ana mtu wake kwenye karatasi. Kinyozi ana mpiga upinde. Mimi nina mwizi mwembamba anayejua makufuli. Dada ana askari, siku zote askari. Ukitaka kufanya jambo lenye mashaka, unarusha dadu, nayo inaamua. Tunachezea katika karakana yangu, maana mimi ni fundi bodi, nanyoosha magari yaliyogongwa. Meza yetu ni boneti ya lori iliyolazwa juu ya mapipa mawili. Sikuwahi kuinyoosha vizuri, kwa hiyo dadu hupenda kukimbilia kwenye bonde la kushoto, na Kinyozi anaapa kwamba bonde hilo lina chuki naye binafsi.

Kuhusu deraya, yaani mavazi ya kujikinga vitani, kitabu cha mchezo kilikuwa na sheria fupi. Kila vazi lina namba. Nguo ya kawaida ni kumi, ngozi kumi na mbili, chuma kamili kumi na nane. Adui anarusha dadu ya nyuso ishirini. Akifikia namba yako, pigo lote limekuingia mwilini. Asipofikia, hakuna kilichotokea, hata mkwaruzo.

"Mimi nashona sare za shule," dada alisema. "Nguo haipasuki yote kwa siku moja. Inaanza kuchakaa kiwikoni, au kwenye makalio. Unatia kiraka, mtoto anaendelea kuivaa. Hii deraya yenu ni ya namna gani? Ama haijaguswa kabisa, ama nimekufa."

"Labda ulinunua ya mtumba," alisema Kinyozi.

"Wewe nyamaza. Kila tukipigana uko nyuma ya mti."

"Mti ndio deraya yangu, shemeji. Na haujawahi kuniangusha." Kinyozi humwita dada shemeji bila sababu yoyote inayojulikana.

Dada alitabasamu kidogo, lakini mkono wake ulikuwa tayari kwenye mkoba. "Nitatengeneza askari mmoja zaidi," alisema. "Huyo akifa kwa upuuzi kama huu, msinisubiri tena Jumamosi. Nina sare mia mbili za kumaliza kabla shule hazijafunguliwa, na nyumbani hakuna kibwengo."

Hakupandisha sauti. Ndiyo maana niliamini.

Tangu mama yetu alipofariki, mimi na dada tulikuwa tumebaki watu wa salamu za simu. Hatukugombana. Tulipungukiwa tu na sababu ya kuonana. Yeye ana cherehani zake, mimi nina nyundo zangu, na mtaa wake na wangu haipitiani. Kisha Refa, ambaye dada huwashonea sare wanafunzi wake, akamwalika aje kucheza bila kujua kwamba karakana ni ya mdogo wake. Mwaka na nusu sasa, kila Jumamosi, nakaa mkono mmoja kutoka kwa dada yangu. Hazungumzi sana kujihusu, lakini askari wake huzungumza, na mimi husikiliza. Akiacha mchezo, tutarudi kwenye salamu za simu. Nilijua hivyo kama ninavyojua gari litakalokuja kuvuja mvua ikinyesha.

Mimi si mtu wa majibu ya papo kwa papo. Jumatatu, wakati wa kupumzika mchana, nilichukua mlango wa nyuma wa teksi iliyokwisha kazi, nikauegemeza ukutani, nikaanza kuupiga.

Niliupiga kwa nyundo ndogo, kisha kubwa, kisha kwa kipande cha bomba. Kila pigo niliandika kwenye daftari: nimepiga na nini, wapi, shimo lina kina gani. Nilichokiona nilikuwa nakijua miaka kumi na tisa bila kukitazama. Pigo likifika kwenye bati halipotei. Bati linalipokea. Linabonyea, na kule kubonyea ndiko kunakomlinda aliye nyuma. Lakini linakumbuka. Ukilipiga palepale tena na tena, linakuwa gumu, linachoka, halafu linapasuka kama biskuti.

Kitabu cha mchezo kilikuwa kinasema deraya inamfanya adui akukose. Mimi nimenyoosha magari mengi, na sijaona hata moja lililokoswa kwa sababu lina bati nene.

Jumatano nikampigia Refa simu, nikamweleza. Alinisikiliza hadi mwisho, jambo ambalo walimu wa hesabu hulifanya vizuri.

"Sheria za kitabu zimejaribiwa na watu wengi," alisema.

"Najua."

"Yako umeijaribu na nani?"

"Na mlango wa teksi."

Nikasikia kalamu ikigongagonga meza. "Nakupa Jumamosi mbili," alisema. "Ya pili ikiisha tunapiga kura. Ikishindwa, tunarudi kitabuni na hatulizungumzi tena. Sitaki kila wiki mtu aje na katiba yake."

Siku mbili zilizobaki nilirusha dadu mara mia nne, nikichora vijiti vitano vitano kwenye daftari. Ijumaa jioni sheria ilikuwa tayari, nami niliipenda. Kila mtu, awe uchi au na chuma, anapigwa dadu ikifika kumi. Lakini deraya inapunguza nguvu ya pigo, ambayo hurushiwa dadu nyingine. Ngozi inapunguza pointi moja, chuma kamili kinapunguza tano. Kinachobaki ndicho kinachoingia mwilini, kikipunguza pointi zako za uhai. Rahisi kama kutoa tano kwenye saba.

Jumamosi ya kwanza, Refa alituleta kwenye korongo lenye vibwengo ishirini. Dada alikuwa na askari wake mpya, mwanamke mpana aliyempa jina la Bawaba, kwa sababu, alisema, mlango hausimami bila hiyo. Vibwengo walimzunguka Bawaba pande zote. Refa akarusha dadu kwa kibwengo wa kwanza.

"Kumi na nne, amekupata. Kisu." Akarusha dadu ya nyuso nne. "Madhara matatu."

"Toa tano," nikasema.

"Hakuna kitu," akasema dada, macho yakimng'aa.

Kibwengo wa pili, madhara manne. Hakuna kitu. Wa tatu, mawili. Hakuna kitu. Dada alicheka, na mimi nikahisi nimejenga nyumba. Kufikia kibwengo wa tisa hakuwa akicheka tena. Kufikia wa kumi na mbili, Kinyozi alikuwa ameinamisha kichwa juu ya boneti.

"Refa," alisema dada, "kisu cha vibwengo kinaweza kuzidi nne?"

"Hakiwezi. Dadu yake ina nyuso nne."

"Basi hata wakinichoma mpaka Krismasi hawanipati."

"Ndivyo sheria inavyosema."

"Ngoja niende kuchemsha chai. Waambie waendelee, nisiwapotezee muda." Na kweli akainuka, akawasha jiko la gesi kule kwenye pembe ya kupakia magari rangi, akatujazia birika. Vibwengo wanane wakaendelea kumchoma Bawaba bila yeye kuwepo. Tulipomaliza vita, Bawaba hakuwa na mkwaruzo, na mwizi wangu, ambaye hakuwa na deraya, alikuwa amelala chini akihesabu nyota.

"Inachekesha," Kinyozi alisema. "Lakini inachekesha mara moja."

Dada aliniwekea kikombe mbele. Alipozungumza ilikuwa kwa upole, na upole wake ulinichoma kuliko kisu chochote cha siku ile. "Mdogo wangu, mwanzo nilikuwa nakufa bila sababu. Sasa siwezi kufa. Yote ni mamoja. Kwa nini niwepo hapa? Mngeweka jiwe mahali pangu."

Nilimsindikiza Refa hadi mlangoni, vitabu vyake kwapani. "Hesabu zako hazina kosa," alisema. "Lakini ile sheria umeiandika kwa moyo wa mdogo mtu. Ulikuwa unamlinda dada yako, si askari."

Nilikaa na neno hilo wiki nzima. Alikuwa sahihi. Nilikuwa nimelipiga bati, nikaandika kila kitu, halafu nikakiacha kile kitu kikubwa kuliko vyote nilichokiona: kwamba bati linachoka. Nilikiacha kwa sababu sikutaka bati la dada lichoke. Fundi akianza kumpenda mwenye gari, atamwambia breki ni nzima.

Kwa hiyo nikaanza upya. Nilichukua sanduku la washa, vile visahani vidogo vya chuma vinavyokaa chini ya nati, nikachora askari kwenye kipande cha boksi, mkubwa kama sahani. Kifuani nikaweka washa sita. Kichwani tatu. Kwenye ngao nne. Kila washa moja inakula pointi mbili za pigo, kisha inaondoka, haipo tena. Zikiisha mahali fulani, mahali hapo pamepasuka. Baada ya vita fundi anaweza kurudisha nusu yake tu, maana bati lililonyooshwa si bati jipya, hata mwenye gari akikuambia halionekani.

Na sehemu ya mwisho, ambayo niliifuta na kuiandika tena mara tatu: adui anarusha dadu, tunaona nguvu ya pigo, ndipo mwenye deraya anaamua. Atumie washa za wapi, ngapi, na kiasi gani akiache kiingie mwilini. Dadu inaleta pigo. Kulipokea ni kazi ya mtu.

Jumamosi ya pili ilikuwa na mvua. Ilinyesha juu ya mabati ya karakana hadi ikabidi Refa asimulie kwa sauti ya gwaride. Dada alifika amelowa, akaitazama ile picha ya boksi na washa zake.

"Hizi ni nini?"

"Ni vifungo vyako," nikasema. "Ukipigwa, vinakatika kimoja kimoja. Wewe ndiye unachagua kipi."

Alizigusa kwa kidole, akazipanga safu iliyonyooka zaidi ya nilivyopanga mimi. Kisha akausukuma mkoba wake chini ya kiti.

Refa alitupeleka kwenye daraja la kamba juu ya bonde. Upande wa pili kulikuwa na kijiji, na nyuma yetu likaja zimwi lenye rungu, na vibwengo wakitangulia mbele yake kama wapambe wa harusi. Tulipaswa kuvuka, kisha kukata kamba kabla halijavuka.

Safari hii hakuna aliyechemsha chai. Kibwengo wa kwanza alimpiga Bawaba kwa pointi tatu. Dada akafikiri. "Washa moja ya ngao. Moja inayobaki naimeza mwenyewe." Kibwengo wa pili, pointi nne. "Washa mbili za kifua. Nina nyingi pale." Kinyozi akaanza kumshauri, akaambiwa arudi nyuma ya mti wake. Kwenye daraja hakuna mti, akasema, na hilo ndilo lililokuwa likimtesa tangu tuanze. Mara ya kwanza tangu nimjue, mpiga upinde wa Kinyozi alisimama mahali peupe, akapata mshale mmoja wa paja, akatusimulia paja hilo kwa dakika tano.

Zimwi likafika. Rungu lake lilirushiwa dadu mbili za nyuso sita. Pigo la kwanza lilikula washa zote za kifua zilizobaki. Dada aliziondoa moja moja, zikalia kwenye boneti, naye akawa anasimulia bila kuombwa: bamba limekunjika kama sahani ya bati, Bawaba anakata mikanda, analitupa bondeni, anavuta pumzi. Refa aliacha kuandika akamsikiliza. Mimi nilikuwa sijawahi kumsikia dada akizungumza hivyo tangu tulipokuwa watoto tukicheza chini ya kitanda.

Tukavuka wote, isipokuwa zimwi, ambalo lilikuwa mwisho wa daraja, hatua mbili kutoka kwetu. Mwizi wangu alikuwa amepiga magoti akikata kamba. Alikuwa amebakiwa na pointi moja ya uhai.

"Zimwi linamwona anayekata," alisema Refa. "Linampiga yeye." Akarusha dadu ya nyuso ishirini. Kumi na saba. Limempata. Akarusha zile mbili. Moja ilisimama kwenye tano. Nyingine ikakimbilia bonde la kushoto, ikajizungusha, ikalala kwenye sita.

Kumi na moja. Mwizi wangu hakuwa na deraya yoyote. Nilianza kuikunja karatasi yake, na nilikuwa nimeridhika, kwa kweli. Ilikuwa vita nzuri.

"Ngoja," dada alisema. "Bawaba amesimama wapi?"

"Ubavuni kwake," Refa akajibu. "Bega kwa bega."

"Naweza kulipokea mimi hilo pigo?"

Refa alinigeukia, na Kinyozi akanigeukia. Sheria ilikuwa yangu. Sikuwa nimeliandika hilo. Katika sheria ya kitabu swali lenyewe lisingekuwepo, maana pigo lilikuwa ama limekosa ama limeua, hakukuwa na kitu cha kupokelewa. Nikatazama picha ya boksi. Baada ya mapigo mengine ya njiani, kwenye ngao ilibaki washa moja. Kichwani mbili. Pembeni, kwa mwandiko wa dada: uhai nne.

Washa tatu zinakula sita. Kumi na moja kutoa sita, zinabaki tano. Ana nne.

Nilijua yeye amekwisha kuifanya hesabu hiyo, kwa sababu hakuwa akizitazama washa. Alikuwa ananitazama mimi. Na nilijua nikisema haiwezekani, Bawaba atakuwa hai, na dada yangu atakuja Jumamosi ijayo, na nyingine. Lilikuwa neno moja tu.

"Ukilipokea, unalipokea lote," nikasema polepole. "Huwezi kumgawia. Lakini kama mmesimama bega kwa bega, na una ngao, sioni cha kukuzuia."

"Nalipokea," alisema dada.

Aliondoa washa ya ngao. Akaondoa zile mbili za kichwani. Kisha akachukua kalamu, akafuta nne, akaandika sifuri, na akaizungushia duara.

"Ngao imepasuka katikati," alisema, sasa kwa sauti ndogo iliyotulazimisha kuinama ili mvua isiifunike. "Kofia imeruka. Amesimama bado, kwa sababu hajajua. Anamwambia mwizi: kata."

Nikarusha dadu. Nilihitaji nane, nikapata tisa. Kamba ikakatika, daraja likaenda, na zimwi likaenda nalo likiwa bado limeshika rungu. Kinyozi alisimama akavua kofia yake. Hakuwa anatania, au kama alikuwa anatania hakujua.

Kisha sote tukakumbuka alichokuwa amesema dada. Askari wa nne alikuwa amekufa. Mimi nilianza kukusanya washa ili mikono ipate kazi.

Dada alikunywa chai yake, iliyokuwa imepoa. "Wale watatu wa mwanzo," alisema, "hata sikumbuki walifia wapi. Huyu najua." Akavuta karatasi mpya kutoka kwenye rundo la Refa. "Kura mtapiga saa ngapi? Mimi nainua mkono sasa, nina haraka. Nataka kutengeneza mwingine."

"Kura zimeshapigwa," alisema Refa. Alikuwa anafuta miwani yake, ambayo haikuwa na unyevu.

"Huyu hatavaa chuma. Chuma ni kizito, na fundi wake ni huyu," akanionyesha kwa kalamu. "Atavaa kitambaa. Tabaka kumi na tano za pamba, zimeshonwa pamoja kwa mistari minene. Kitambaa kwenye daftari lako umekipa ngapi, mdogo wangu?"

Nilifungua daftari. "Sikukipa kitu. Niliandika nguo ya kawaida, sifuri."

"Sifuri." Alirudia neno hilo kama mtu aliyeonja chumvi kwenye chai. "Umejaribu kukipiga?"

"Hapana."

"Umewahi kusikia sindano nene ya cherehani, namba kumi na nane, ikivunjika kwenye tabaka nane za jinzi?"

"Hapana, dada."

"Basi kaa kimya kuhusu kitambaa. Wewe ni mtu wa mabati." Kinyozi alikuwa anacheka hadi ameshika meza, na dada akamwacha acheke, akawa anaandika jina la askari mpya kwa herufi kubwa. Alipomaliza alisema, bila kuinua kichwa, "Jumatano mchana huwa sina wateja. Njoo kwangu na hilo daftari na nyundo yako. Nitakushonea kipande, ukipige mpaka uridhike, ndipo uandike namba."

Katika miaka yote ya ushonaji wake sikuwahi kuingia kwenye duka lake. Nilijua mtaa, sikujua mlango.

"Nije saa ngapi?"

"Saa saba, tutakula kwanza. Na usije na mikono ya grisi. Nina sare nyeupe."

Jumatano nilifunga karakana saa tano. Nilinawa kwa sabuni ya unga, nikanawa tena kwa sabuni ya kuogea, halafu nikaichukua nyundo nikaifuta nayo pia.